Amenikataa mbele ya watu kazini. Nimweleze vipi kwa mara ya mwisho?

SWALI: Mshauri, nina miaka 33 na nafanya kazi kwenye ghala la kampuni ya mizigo hapa Industrial Area, Nairobi. Mwaka jana aliajiriwa dada mmoja upande wa makaratasi ya forodha. Tulizoeana haraka. Nilikuwa namnunulia chai ya saa nne, na jioni tunapanda matatu moja, yeye anashukia Donholm, mimi naendelea mpaka Umoja. Mama yake alipolazwa nilimtumia shilingi 5,000. Alinishukuru sana, akaniita kaka yake wa nguvu. Nikampenda. Nilipomwambia, alisema ananiheshimu lakini hayuko tayari kwa uhusiano. Sikukata tamaa. Niliendelea kumwandikia asubuhi na usiku, mara anajibu, mara hajibu. Baadaye akaniambia niache, kisha akanibloki. Nikawa namtumia “tafadhali nipigie”, na siku nyingine namtumia shilingi 20 kwa M-Pesa ili tu aone jina langu. Siku yake ya kuzaliwa iliangukia Jumamosi. Mimi ndiye hupanga zamu, kwa hivyo orodha ya wafanyakazi ninayo, nikatoa anwani humo na kumpelekea keki mpaka getini kwao. Hakutoka. Alitoka kaka yake. Jumatatu akanifuata jikoni kazini, watu wakinywa chai, akapaza sauti kwamba ameshanikataa, nisimfuate na nisikanyage tena kwao. Kwa hasira nami nikamjibu kwamba amekula vyangu na alinipa matumaini. Sasa hatusemezani. Kuna wanaonicheka, kuna wanaosema ameniaibisha bure. Nasikia ameandika malalamiko. Silali, chakula hakipiti. Ninachotaka ni dakika kumi tu nimweleze kwamba nia yangu ilikuwa safi. Nimtume rafiki yetu, au mchungaji wetu, au nimwandikie barua? Na je, ni haki mtu akuaibishe hadharani namna ile?

JIBU: Ndugu yangu, pole. Kukataliwa kunauma, na kukataliwa huku watu wameshika vikombe wakitazama kunauma zaidi. Sitakuambia ujikaze kiume, maana nadhani hilo umeshaambiwa na halijakusaidia kulala. Unaomboleza kitu ulichokuwa umekijenga moyoni kwa miezi mingi, na maombolezo hayo ni ya kweli hata kama kitu chenyewe hakikuwahi kuwepo nje ya moyo wako. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalonihangaisha zaidi katika barua yako. Lakini umeuliza jambo mahususi na unastahili jibu mahususi: hizo dakika kumi usizitafute. Usimtume rafiki, usimtume mchungaji, usiandike barua, usimngoje kwenye steji ya matatu. Usimfikie kwa njia yoyote.

Unaamini kwamba shida hapa ni kutoeleweka, kwamba angejua nia yako ilivyo safi hasira zake zingeshuka na mambo yangetengemaa. Hebu soma tena ulichoniandikia wewe mwenyewe. Alisema hayuko tayari. Akakuambia uache. Akakubloki. Hakutoka getini. Mwishowe akasimama jikoni akasema kwa sauti. Huyo ni mtu aliyekuelewa tangu mwanzo. Anajua kwamba unampenda, na huo upendo wako ndio aliojibu. Uamuzi ambao haukutokana na kutoelewa hauwezi kubadilishwa na maelezo. Ukifika na dakika zako kumi, kwake hizo zitakuwa ujumbe mwingine tena kutoka kwa mtu aliyemsihi aache kumtumia ujumbe.

Kuhusu mchungaji, nakuelewa. Kwetu watu wakikosana hutafutwa mtu mzima akae nao, na ni desturi ninayoiheshimu. Lakini wanaosuluhishwa ni watu wenye jambo kati yao: mume na mke, ndugu wenye shamba la urithi, majirani wenye ugomvi wa mpaka. Kati ya anayetaka na asiyetaka hakuna cha kugawana. Mchungaji akimpigia simu, dada huyo atajikuta na mzigo mpya, kwa sababu sasa akikukataa wewe ataonekana amemkataa na mtumishi wa Mungu. Umemwongezea mtu wa kumwogopa. Na rafiki yenu wa pamoja, hata akienda kwa moyo mwema, atakuwa ndiye njia yako mpya baada ya WhatsApp kufungwa. Ukihitaji mchungaji, mwendee kwa ajili yako. Mwambie unavyoumia, akuombee, akusikilize. Mwombe tu asimguse yule dada.

Sasa tuje kwenye matumaini unayosema ulipewa. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu nadhani unasema kweli kwa jinsi ulivyoona, na bado nadhani hakukupa.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uingereza, Celia Kitzinger na Hannah Frith, waliandika kuhusu jinsi watu wanavyokataa mambo katika mazungumzo ya kawaida. Walionyesha kwamba mtu akikataa mwaliko, mara nyingi hasemi “hapana” kavu. Husita kidogo, hushukuru, hutoa sababu, hulainisha. Na anayesikia huelewa bila taabu. Wewe mwenyewe unalijua hili. Ukimwalika mwenzako kwenye harambee akakuambia, “Aki ningependa, lakini wiki hii nimebanwa,” humwekei kiti. Hukai ukichambua kama kubanwa ni kwa wiki hii tu. Umeelewa, na yeye anajua umeelewa. Kwa hiyo dada huyu aliposema anakuheshimu lakini hayuko tayari, alikataa kwa namna watu wote wenye adabu hukataa, tena akijua kwamba kesho yake mtaonana ghalani na jioni mtapanda gari moja. Mwanamke anayemkataa mwenzake wa kazini ana sababu nyingi za kulainisha sauti. Ulaini huo ulikuwa wa kukuhifadhia heshima.

Mbona basi wewe ulisikia mlango uko wazi? Mwaka 1993 mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, na wenzake waliwaomba watu waandike masimulizi ya mara walipompenda mtu asiyewapenda, na ya mara walipopendwa na mtu wasiyemtaka. Masimulizi ya pande hizo mbili yalitofautiana sana. Aliyependa alikumbuka dalili kwamba anapendwa pia, na kwamba alipewa matumaini. Aliyependwa alikumbuka kwamba hakutoa matumaini hayo, na mara nyingi alijaa hatia, hajui aseme nini ili mambo yaishe bila kuumiza mtu. Kinachonigusa ni kwamba haiwi lazima mmoja wao awe mwongo. Mtu mwenye shauku huokota kila kitu: kicheko, asante, jibu la saa tatu usiku. Yale mengine, siku za kimya, mkato wa maneno, simu isiyopokelewa, huyatafutia udhuru. Nami nikitazama barua yako naona aliyekuita kaka yake alikuwa ameshakuonyesha anavyokuona.

Kisha kuna zile pesa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Nairobi tumejizoesha kuongea habari za “kula nauli” kana kwamba kila shilingi anayotumiwa mwanamke ni malipo ya awali. Ulitoa shilingi 5,000 mama yake akiwa hospitalini. Kama ulizitoa kwa ajili ya mgonjwa, zilimfikia mgonjwa, na ni sadaka njema, Mungu akulipe. Kama ulizitoa kwa ajili ya binti, basi kulikuwa na masharti ambayo hukumwambia, na angeyajua huenda asingepokea. Asante yake ilikuwa ya shida iliyoondolewa. Usimdai, wala usimwambie mtu yeyote pale kazini kwamba anakudai au unamdai. Akikurudishia, pokea kimya. Na chai ya saa nne ilikuwa chai.

Nataka sasa uelewe kilichokupata wewe, kwa sababu mtu asiyeelewa kilichomkamata hudhani ni mapenzi makubwa na hukitii. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alichunguza njiwa waliofunzwa kudonoa kitu ili wapate punje. Njiwa aliyezoea kupata punje kila anapodonoa, punje zikikoma huacha mapema. Aliyezoea kupata mara moja moja, bila utaratibu anaoweza kuutabiri, huendelea kudonoa muda mrefu hata punje zikiwa zimekwisha. Na punje zinapokoma ghafla, kabla ya kuacha kabisa, kudonoa huzidi kwa muda. “Mara anajibu, mara hajibu,” umeandika. Yeye alikuwa akijibu kwa adabu siku alizoweza, na kunyamaza siku alizochoka. Katika mwili wako hayo yaligeuka kuwa zawadi isiyotabirika, na hakuna kinachofunga mtu kama hicho. Alipokubloki zawadi ilikatika, ndipo ukaanza “tafadhali nipigie” na zile shilingi 20. Mwaka 2010 Helen Fisher na wenzake walipiga picha za ubongo za watu 15 waliokuwa wameachwa karibuni na bado wanapenda. Walipotazama picha za wapenzi wao, zilishtuka sehemu za ubongo zinazohusika na kutamani zawadi, zile zile zinazotajwa katika uraibu. Kwa hiyo unapohisi kwamba ukimwona dakika kumi utapoa, usiuamini mwili wako. Ukimwona utapoa jioni moja, na kesho yake utahitaji dakika kumi nyingine.

Haya yanaeleza kwa nini ilikuwa vigumu kuacha. Hayakuondolei jukumu la kuacha. Mtu aliyekubloki ameamua kwamba jina lako lisionekane kwenye simu yake. Kulipenyeza jina hilo kupitia M-Pesa ni kumwambia kwamba hana mahali pa kujifungia. Shilingi 20 hazina uzito mfukoni mwako, lakini fikiria anavyoishika simu kila ikilia.

Na kuhusu geti, najua ulipoibeba ile keki ulijiona mtu anayefanya jambo la mapenzi. Jiweke ndani ya nyumba ile. Hakuwahi kukuambia anakaa wapi. Amekuambia uache. Amekubloki. Jumamosi asubuhi anaambiwa kuna mwanamume wa kazini getini ana mzigo mkononi. Anachojiuliza kwanza ni umefikaje, na baada ya hapo anajiuliza utafanya nini ukikataliwa tena. Januari 27, 2024 wanawake wa Nairobi waliandamana barabarani, na wa miji mingine pia, kwa sababu ya wanawake waliouawa, wengi wakiuawa na wanaume waliowajua. Hakuna mwanamke wa mji huu asiyelikumbuka hilo mtu asiyemwalika anapofika mlangoni. Sisemi wewe ni muuaji, wala sidhani. Nasema yeye hana namna ya kujua, na gharama ya kukosea ni uhai wake. Nia safi haionekani kupitia geti. Kinachoonekana ni mtu aliyeambiwa aache na hakuacha.

Ipo sentensi moja uliyoipitia haraka, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Umesema wewe ndiye hupanga zamu.

Umeniandikia kama mfanyakazi mwenza aliyempenda mfanyakazi mwenza. Lakini anayepanga zamu ndiye anayeamua nani anatoka saa kumi na moja jioni na nani anatoka saa tatu usiku, nani anapata Jumapili, nani anaongezewa masaa na pesa zake. Inawezekana hukuwahi kumwonea kwa zamu hata siku moja. Yeye je, alilijua hilo? Kila alipotaka kukujibu vikali alilazimika kuwaza ratiba ya wiki ijayo. Sehemu ya ule upole uliousoma kama matumaini ilikuwa tahadhari ya mtu aliye chini ya kalamu yako. Na kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyofungua orodha ya anwani. Alipoijaza fomu ile aliipa kampuni mahali anapokaa kwa shughuli za kampuni. Hakukupa wewe. Mtu mwenye madaraka hata madogo hana budi kujua kwamba yanaingia naye kila anapoingia, hata anapokwenda kunywa chai, hata kwenye matatu. Kama kuna jambo moja katika barua hii ningependa ulikalie kimya peke yako, ni hili.

Ndiyo sababu hatua ya kwanza ninayokushauri, kabla ya kitu kingine chochote, ni kumwendea msimamizi wako na kuomba zamu za dada huyo zipangwe na mtu mwingine kuanzia sasa. Usitoe hadithi ndefu. Useme tu kwamba kuna jambo linalochunguzwa na hupaswi kuwa unampangia. Na uache kupanda gari lile. Badilisha saa, ondoka nusu saa baadaye, au pita njia nyingine kwenda Umoja. Usimwambie kwamba umebadilisha. Ataona.

Umeuliza kama ni haki mtu kukuaibisha hadharani. Kusemewa mbele za watu ni uchungu, na kama angeniuliza yeye kabla, huenda ningemshauri aende kwanza ofisi ya rasilimali watu. Lakini tazama njia alizopitia kabla ya kufika jikoni. Alisema faraghani. Aliandika. Alifunga simu. Zote hazikufika. Mtu ambaye maneno yake ya faraghani hayasikilizwi hutafuta mashahidi, na akiwa na hofu hutafuta mahali penye watu, kwa sababu mahali penye watu hawezi kudhuriwa. Unaweza kuumizwa na alichofanya bila yeye kuwa amekukosea. Na katika jikoni lile wawili mlisema. Yeye alisema usimfuate. Wewe ukasema amekula vyako, mbele ya watu anaofanya nao kazi, na sasa kuna wanaomtazama kama mwanamke mla pesa za wanaume. Ukihesabu aibu ya siku ile, ihesabu yote.

Wale wanaokuambia amekuaibisha bure, wanyamazishe leo. Usiwaache wamnunie wala kumtupia maneno kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Waambie, “Alichosema alikuwa na haki ya kukisema, tafadhali msimsumbue.” Sentensi hiyo itakugharimu, najua. Ndiyo fidia pekee ninayoiona ambayo unaweza kumpa bila kumkaribia.

Sasa malalamiko. Hapa nitakueleza ninachokijua, ila mimi ni mnasihi, si wakili, na likifika mbali tafuta wakili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inazungumzia unyanyasaji wa kingono kazini, na inamtaja mwajiri, mwakilishi wa mwajiri, na hata mfanyakazi mwenza. Inagusa maneno, maandishi, picha na vitendo vya namna hiyo ambavyo mwenzako hakuvitaka na vikaathiri kazi yake au kuridhika kwake na kazi. Kwa hiyo uzito uko kwenye kilichomfikia yeye, na nia safi si ngao. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu jambo hili, iombe uisome. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo kifungu chake cha 23 kinamhusu mtu mwenye mamlaka anayerudia rudia kumtaka mtu kingono akijua hatakiwi, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Na ile anwani inagusa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kama uliyoyafanya yanaingia katika vifungu hivyo wataamua watakaosoma ujumbe wako na kusikiliza pande zote. Nakutajia ili uache kuliona jambo hili kama mambo ya mapenzi yaliyoharibika. Unapojibu, jibu ukijua uko wapi.

Wewe nawe una haki zako. Sheria hiyo ya Ajira, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kukufukuza kwa makosa akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na akuruhusu kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukipewa barua ya kutakiwa kujieleza, jieleze kwa ukweli. Usifute ujumbe hata mmoja. Andika ulichofanya, kimoja kimoja: niliandika baada ya kuambiwa niache, nilituma pesa baada ya kubloki, nilichukua anwani kwenye orodha, nilifika kwao bila kualikwa, nilimjibu vibaya jikoni. Usiandike habari zake: mavazi yake, kicheko chake, nani mwingine anamnunulia chai. Usiandike kwamba alikupa matumaini. Sikuahidi kwamba ukweli huo utaokoa kazi yako. Huenda ukaonywa, huenda ukahamishwa, huenda ukaachishwa. Lakini nimekaa na watu wa pande zote mbili za mambo haya, na anayekana na kumchafua mwenzake huwaumiza watu wengi zaidi, akianza na yeye mwenyewe.

Je, usimwombe radhi kabisa? Swali hili ni gumu na watu wenye busara wanatofautiana. Wapo wanaoona kwamba radhi fupi ya maandishi humpa aliyeumizwa utulivu, na kweli kuna wanaoitaka. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kama yeye anaitaka bila kumwuliza, na kumwuliza umeshazuiwa. Tena radhi ya mtu anayependa bado huwa na mkono wa pili: inaomba kusamehewa, inaomba kujibiwa, inaomba kuonekana mwema. Kwa hiyo shauri langu ni hili. Katika yale maelezo yako kwa ofisi, weka mistari miwili ukikiri kosa na kusema hutamkaribia tena, kisha waambie wanaoshughulikia kwamba wamfikishie endapo tu yeye mwenyewe atataka kuisikia. Baada ya hapo usiulize kama aliisoma.

Kuhusu kuendelea kukaa pale, sina jibu moja. Ukihamishiwa ghala lingine au zamu nyingine, kubali. Ni wewe wa kusogea, si yeye. Kuacha kazi kwa hasira wiki hii sikushauri, kodi ya nyumba haijui habari za moyo, na maamuzi ya mtu asiyelala huwa mabaya. Mkibaki mahali pamoja, msalimie anapokusalimia, ongea naye ya makaratasi pekee, tena mbele ya watu au kwa barua pepe ya kazi. Futa namba yake. Toka kwenye kurasa zake mitandaoni, na kama una picha zake kwenye simu zifute pia, leo, kabla hujalala.

Na sasa wewe. Kutolala na kutokula kunakoendelea kwa wiki mbili au zaidi si jambo la kungoja liishe lenyewe. Tafuta mnasihi au mwanasaikolojia aliyesajiliwa, muonane ana kwa ana. Ukiwa huna pa kuanzia, piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uongee na mtu. Hospitali ya Mathari, kwenye Barabara ya Thika, hupokea watu wenye shida kama hizi kila siku, na kwenda pale hakumaanishi umerukwa na akili. Kwa mnasihi utapata zile dakika kumi za kusema kila kitu, na nyingine nyingi, mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuzipokea.

Nakuuliza pia waziwazi, kwa kuwa hukuniandikia na huenda uliona haya: je, kuna usiku unaofikiria kwamba ni heri usiwepo? Au unafikiria kumdhuru yeye, au kaka yake, au unajikuta umeshuka Donholm bila sababu? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usingoje miadi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, ndugu au yule mchungaji wako, akusindikize Mathari au hospitali yoyote iliyo karibu, na usikae peke yako usiku huo.

Kama dada huyo mwenyewe anasoma, au yeyote aliye katika hali yake: hukuwa na deni la kusema kwa upole zaidi. Hifadhi ujumbe wote na rekodi za M-Pesa, wasilisha malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Mwanamume huyo akifika kwako tena, piga ripoti kituo cha polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Namba 1195 ni ya bure na inasikiliza mambo ya ukatili wa kijinsia mchana na usiku.

Wewe ndugu yangu, kesho asubuhi anza na msimamizi wako, kuhusu zamu. Nikiwa nawe ningekusindikiza hadi mlangoni pake. Mchana upige simu ya mnasihi.